Faili lipo, neno ndilo lililopotea

Najua ukurasa huu ulikuwa kimya. Nilikuwa shamba kwenye mazoezi ya kufundisha, na kule ukipata dakika kumi za peke yako unalala, huandiki. Sasa nimerudi mjini, nimeshakula urojo wangu Forodhani, na nina neno.

Leo sina habari ya kantini wala ratiba ya mitihani. Nina habari ya kompyuta. Msinikimbie, yakhe, manake ndani yake mna lugha yetu na mna siri za watu.

Hoja yangu naitoa mapema ili mwenye haraka aende zake. Sisi tunaoandika kwa Kiswahili tunahitaji kompyuta inayotafuta mafaili kwa maana, tena tunaihitaji kuliko hata hao walioibuni. Ila kazi hiyo ifanyike ndani ya mashine yako mwenyewe, na faili lisitoke nje. Na la tatu, ndilo gumu: ili mashine ijue Kiswahili cha hapa, yapo maandishi tutakayopaswa kuyatoa nje sisi wenyewe, kwa hiari, tukijua yapi ya kutoa na yapi ya kufungia kabatini.

Tuanze na shida yenyewe. Kila mwenye laptopu hapa chuoni anaijua: kitu umekiandika, una hakika umekiandika, na hukipati. Unaandika neno kwenye kile kisanduku cha kutafutia, kompyuta inazunguka, inakuletea mwaliko wa harusi wa mwaka juzi. Wengi wetu tunajilaumu kwa uvivu wa kupanga mafolda. Mie nasema sehemu kubwa ya lawama ni ya chombo. Utafutaji wa kawaida haujui maana, unajua herufi. Tena ule wa Windows, ukitafuta maneno yaliyomo ndani ya mafaili, hulinganisha kuanzia mwanzo wa neno. Kwa Mwingereza hilo halina tabu kubwa, manake maneno yake mengi hubadilika mkiani. Akiandika "teach" atampata mwalimu na kufundisha kwake, kwa kuwa herufi za mwanzo ni zilezile.

Sasa njoo kwetu. Kiswahili hubadilika kichwani. Ukitafuta "soma" hutopata "anasoma", "walisoma", "hawajasoma" wala "tutakaposoma". Ukitafuta "mwanafunzi" umewakosa "wanafunzi". Ukitafuta "jino" umekosa "meno", "jicho" umekosa "macho", "uso" umekosa "nyuso". Ukitafuta "ulimi" basi "ndimi" usizitarajie kabisa. Mwalimu wetu wa sarufi angefurahi kusikia kwamba ngeli zake zinatutesa hata kwenye laptopu.

Hapo bado hatujagusa tofauti ya maneno ya hapa na ya bara. Mie kwenye daftari langu naandika "skuli". Makala nilizozidaunlodi za watafiti wa Dar es Salaam na Dodoma zinasema "shule". Wizara yetu inaitwa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali. Bara hayo mafunzo ya amali wamezoea kuyaita ufundi stadi. Sie tunakaa dahalia, wenzetu wanakaa hosteli au bweni. Tungule ni nyanya, mbatata ni viazi. Mtu akiandika utafiti wa lishe ya watoto wa skuli hapa Unguja, kisha akatafuta "nyanya" kwenye mahojiano yake mwenyewe, ataambiwa hakuna, na mahojiano yamejaa tungule kama soko la Mwanakwerekwe.

Na kuna shida ya tatu, ya ndani zaidi, ambayo niliiona huko shamba. Skuli niliyokuwapo ipo kijiji cha pwani, upande wa Kusini Unguja. Kilimo cha mwani kilianza visiwani mwaka 1989, kwa Paje na Jambiani, na mpaka leo ni kazi ya kina mama kwa wingi. Mwani hushughulikiwa maji yakitoka sana, yaani wakati wa bamvua. Basi kwenye kumbukumbu zangu za darasa nikawa naandika kwa mkato, mathalan: "leo wasichana watano hawapo, bamvua." Kijiji kizima kinaelewa sentensi hiyo: watoto wamekwenda kuwasaidia mama zao ufukweni. Nilipokuja kuandika ripoti, kichwa cha sehemu kilikuwa "utoro". Hebu litafute neno "utoro" katika mafaili yangu. Halipo hata mara moja! Utoro wenyewe umejaa tele, umeandikwa kwa jina la maji.

Hapo ndipo utafutaji kwa maana unapoingia. Nieleze unavyofanya kazi, kwa namna nilivyoelezwa mie na rafiki yangu anayesoma kompyuta, kisha nikasoma zaidi mwenyewe.

Fikiria ramani ya Unguja. Kila mahali unaweza kupaeleza kwa namba mbili, latitudo na longitudo. Mkunazini na Kiponda namba zao zinakaribiana kwa sababu ni majirani, Nungwi na Makunduchi zinaachana kwa sababu ni ncha mbili za kisiwa. Sasa chukua sentensi badala ya mtaa. Programu inaisoma sentensi na kuipa anwani kwenye ramani ya maana, lakini ramani hiyo haina namba mbili, ina mamia. Sentensi zenye maana za karibu zinapewa anwani za karibu, hata kama hazina neno moja la kufanana. "Mtoto ana njaa" na "hajala tangu jana" zinakuwa mtaa mmoja. Nawe ukiuliza swali, swali lako nalo linapewa anwani, kisha mashine inakuletea waliopanga jirani nalo. Basi, siri yote ndiyo hiyo.

Programu inazijuaje anwani? Kwa kusoma maandishi mengi mno na kuangalia neno gani hukaa na neno gani. Mwaka 2013 Tomas Mikolov na wenzake wa Google walitoa word2vec, iliyofanya hivyo kwa neno moja moja. Mwaka 2018 ikaja BERT, inayoangalia neno pamoja na wenzake katika sentensi. Mwaka 2019 Nils Reimers na Iryna Gurevych, huko Darmstadt, Ujerumani, wakaigeuza BERT ifae kulinganisha sentensi nzima nzima. Kazi ya kutafuta sentensi mbili zinazofanana zaidi kati ya 10,000, ambayo ingechukua saa 65 hivi, wakaifanya ichukue kama sekunde 5. Mwaka 2020 Google wakatoa LaBSE, yenye lugha 109, na Kiswahili kimo. Hiyo humpa kila sentensi anwani ya namba 768.

Kwa sisi wenye mifuko myepesi, zuri ni kwamba modeli za namna hii zinadaunlodiwa bure, mara moja, na baada ya hapo hazihitaji intaneti. Si lazima uwe na mashine ya gharama. Hesabu ya faharasa fanya mwenyewe: namba 768, kila moja baiti 4, ni kama KB 3 kwa aya moja. Ukiwa na aya 10,000, ambazo ni nyingi kuliko maandishi ya wengi wetu tangu tuingie chuo, faharasa nzima ni kama MB 30. Video moja ya rusha roho kwenye simu yako inaweza kuishinda.

Kwa hiyo tulijaribu. Rafiki yangu aliweka programu ya bure kwenye laptopu yake ya kawaida, RAM GB 8, tukaitilia kumbukumbu zangu na za mwenzangu mmoja wa dahalia, kisha tukazima data kabisa. Nikauliza, "wanafunzi wanaokosa masomo kwa sababu ya kazi za nyumbani." Wallahi nilishangaa. Iliniletea aya niliyoandika kuhusu mvulana anayelala darasani kwa kuwa usiku huenda dago na wavuvi. Hakuna neno la swali langu hata moja katika aya ile. Lile la bamvua halikuja. Nikaongeza neno "mwani" kwenye swali, likaja la tatu kwenye orodha.

Halafu tukaanza kucheka. Kwenye kumbukumbu zangu kuna mtoto niliyeandika kwamba "hajafungua kinywa mpaka saa nne." Mswahili yeyote anajua: mtoto hajanywa chai. Tulipouliza kuhusu wanafunzi wanaokuja na njaa, aya ile haikutokea. Tulipouliza kuhusu wanafunzi wasiozungumza darasani, ikaja ya kwanza! Mashine imeelewa kwamba mtoto kafunga mdomo.

Mwenzangu yeye anaandika kuhusu elimu ya wafungwa. Hapa kwetu, kwa wasiojua, jela inaitwa Chuo cha Mafunzo. Ndilo jina lake rasmi, halina kejeli. Akauliza "elimu gerezani", na mafaili yake yote ya Chuo cha Mafunzo yakaja chini kabisa, nyuma ya ratiba ya mitihani. Akauliza "vyuo vya ualimu", ndipo wafungwa wakatokea juu, mstari wa mbele, kama wanataka kujisajili nasi. Tulicheka hadi jirani akagonga ukuta.

Lakini baada ya kicheko nilikasirika kidogo, na sababu ni hii. Mashine haikukosea kwa ujinga. Ilikosea kwa kuwa imesomeshwa Kiswahili cha watu wengine. Modeli moja maarufu ya mwaka 2019, XLM-R, ambayo nyingine nyingi zimejengwa juu yake, ilisomeshwa maandishi ya Kiingereza ya GB 300 na ushei, na ya Kiswahili GB 1.6. Na hicho Kiswahili cha mtandaoni, nani anakiandika? Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na katika hao Wazanzibari ni 1,889,773. Ongeza Kenya yote na magazeti yake. Sauti yetu humo ni tone.

Na hapo pana kejeli ambayo wanafunzi wa Kiswahili mtaiona haraka. Ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, lahaja ya mji huu huu tunaokaa. Lugha ilitoka hapa ikazunguka Afrika Mashariki yote, ikaingia kwenye mashine, na sasa imerudi haimjui mama yake. Inajua shule, haijui skuli. Inajua gereza, Chuo cha Mafunzo inadhani ni kwetu sisi.

Basi mtu ataniambia: dawa si rahisi? Tupakie mafaili yetu kwenye hizi huduma kubwa za mtandaoni, zina akili zaidi, zitajifunza Kiswahili chetu na kutafuta zitatafuta vizuri. Wengi hapa chuoni ndivyo wanavyofanya. Unaona mtu anapandisha folda zima la mahojiano kwenye huduma asiyojua hata iko nchi gani, kisha anauliza maswali. Hapa ndipo mie nasema hapana, na naomba mnisikilize.

Mafaili yaliyo kwenye laptopu yangu si yangu peke yangu. Nina alama za watoto arubaini na tatu. Nina maelezo ya mtoto ambaye mama yake yuko Oman anafanya kazi za ndani na hajarudi mwaka wa tatu. Nina mazungumzo na mzazi aliyenieleza mambo ya ndoa yake kwa sababu alidhani anamwambia mwalimu. Hakumwambia seva iliyoko ng'ambo ya bahari. Nyumba zetu za Mji Mkongwe zina baraza nje, kila apitaye anakaa, anakunywa kahawa, anapiga soga. Na zina ndani, ambako mgeni hafiki bila hodi. Mzazi yule aliniingiza ndani. Nikichukua maneno yake nikayaweka barazani kwa sababu tu nataka kuyatafuta kwa urahisi, huo utakuwa ualimu gani?

Wengine wananijibu, "ah, nani ana haja na mafaili ya mwanafunzi wa Unguja?" Swali hilo silipendi. Stara ya mtu haingojei mpaka apatikane mwenye haja nayo.

Wengine wanasema sheria itatulinda. Ni kweli Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za watoto imezitia katika kundi la taarifa nyeti. Ni jambo jema. Lakini isomeni: kwa upande wa Zanzibar haiingii kwenye mambo yasiyo ya Muungano, na skuli zetu za msingi na sekondari si jambo la Muungano. Waachieni wanasheria wabishane hapo. Mwalimu asingoje ubishi wao uishe ndipo alinde watoto wake.

Na jambo hili lina historia. Mwaka 2004 Google walitoa Google Desktop, programu ya kutafuta mafaili ndani ya kompyuta yako, watu wakaipenda. Februari 2006 wakaongeza uwezo wa kutafuta kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na ili iwezekane nakala za mafaili yako zilipitia na kukaa kwa muda kwenye seva zao. Watetezi wa faragha wa Marekani, EFF, wakawaambia watu wasiitumie. Programu yenyewe ilifungwa mwaka 2011. Mnaona mwendo wake? Chombo kinaanza kikiwa cha ndani ya nyumba, kinaongezewa manufaa kidogo kidogo, na siku moja mlango uko wazi.

Kuna waliokuja na ujanja mwingine, wanasema: hatuchukui maandishi yako, tunachukua zile namba tu, na namba hazisomeki. Msikubali upesi. Mwaka 2023 John Morris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kwamba ukiwa na namba hizo unaweza kuyarudisha maandishi yenyewe. Kwa maandishi mafupi, ya vipande 32 vya maneno, waliyarudisha sawasawa, herufi kwa herufi, mara 92 katika 100. Anwani ya mtu ukiwa nayo unafika kwake, mlitarajia nini?

Sasa tusijidanganye pia kwamba kitu kikiwa "ndani ya kompyuta" basi kazi imeisha. Mei 2024 Microsoft walitangaza Recall, inayopiga picha za skrini yako kila baada ya sekunde chache ili baadaye uweze kutafuta chochote ulichowahi kukiona. Walisema yote yanabaki ndani ya mashine. Wataalamu wakaangalia, wakakuta ghala lenyewe halijafungwa vya kutosha: atakayeingia kwenye akaunti yako anaweza kulisoma lote. Ikaahirishwa Juni, ikarudi Aprili 2025 ikiwa ya hiari na ghala limefungwa.

Hilo linatuhusu sana sie wa dahalia. Laptopu moja inatumiwa na watu wanne. "Shoga, niazime niprinti", na laptopu imekwenda steshenari na kurudi na virusi. Zamani aliyetaka kukuchungulia alipaswa ajue jina la faili. Sasa chombo kinachojua maana, kikiwa hakina kufuli, mtu anaandika tu "barua za mapenzi" na kinampa zote, hata ile uliyoiita "Assignment 2 final". Kadiri chombo kinavyotafuta vizuri ndivyo kinavyohitaji mlango mzuri.

Basi tufanye nini? Nina majibu mawili, moja la kila mtu na moja la chuo.

La kila mtu ni jaribio ambalo halihitaji utaalamu. Ukiletewa programu ya kutafuta, iweke, kisha zima waifai, zima data, na uulize swali. Ikijibu, inaweza kufanya kazi ndani. Ikigoma, huenda mafaili yako yanasafiri. Pili, angalia faharasa inawekwa wapi, na diski nzima uifunge kwa neno la siri, isiwe jina lako na mwaka wa kuzaliwa. Tatu, folda la watoto na la mahojiano liweke peke yake, na majina uyabadilishe kwa namba tangu siku ya kwanza. Wala sisemi tuache kuyapa mafaili majina ya maana. Jina zuri ni jema. Ila jina unalitoa siku unayoandika, na swali linakuja mwaka mmoja baadaye ukiwa na jambo jingine kichwani. Siku ile shamba sikujua kama nitaandika ripoti ya utoro.

Tena kufanya kazi ndani kuna faida ambayo mtu wa kisiwani haelezwi mara mbili. Sie ndio watu tuliokaa gizani miezi mitatu, Desemba 2009 hadi Machi 2010, kwa sababu waya mmoja wa umeme chini ya bahari uliharibika. Wengi wetu tulikuwa wadogo, lakini wazee wetu hawajasahau bei ya jenereta. Mei 2024 nyaya za intaneti baharini zikapata hitilafu, na Tanzania nzima mtandao ukawa wa kusuasua. Kumbukumbu zangu za darasa zisingoje waya uungwe ndipo nizione.

Jibu la chuo ndilo ninalolipigania zaidi. Mashine haiwezi kuijua bamvua ya Paje kama hakuna aliyeiandikia. Kama kila kitu tunakifungia, tutabaki na chombo salama kinachowapeleka wafungwa kwenye ualimu. Kwa hiyo tutoe, lakini tutoe vya barazani. Taarifa rasmi za vikao vya Baraza la Wawakilishi kule Chukwani ni kurasa kwa kurasa za Kiswahili cha watu wa hapa, na zimesemwa hadharani. BAKIZA walitoa Kamusi la Kiswahili Fasaha mwaka 2010, na wana kamusi za lahaja zetu, Kipemba, Kitumbatu na Kimakunduchi. Liko gazeti la Zanzibar Leo. Zipo tasnifu zetu wenyewe, ambazo zinavumbika maktabani. Zikipatikana ruhusa za wenyewe, hayo yanaweza kuwekwa pamoja, yakasafishwa, na kutumika kusomesha modeli ndogo ambayo kila mwanafunzi ataidaunlodi na kuitumia akiwa amezima data. Kinachotoka nje ni lugha ya wote, na siri ya mtu mmoja mmoja inabaki kwake.

Msiniambie haiwezekani. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili, kabla wengi wetu hatujajua kusoma. Tangu 2019 wapo Masakhane, watafiti wa Kiafrika wanaozifanyia kazi lugha zetu kwa kujitolea, na Kiswahili kimo. Sie tuna wanafunzi wa kompyuta, tuna walimu watarajiwa mamia ambao kila mwaka wanasambazwa kwenye vijiji vya kisiwa kizima na kusikia maneno ambayo mashine haijawahi kuyasikia. Kama kila mmoja wetu, akirudi kutoka mazoezi, angeleta orodha ya maneno hamsini na sentensi za mfano alizozitunga mwenyewe, bila jina la mtoto hata mmoja, tungekuwa mbali ndani ya miaka miwili. Kazi hiyo haina posho, najua. Lakini wangapi kati yetu tuliandika kwenye fomu ya kujiunga kwamba tunaipenda lugha yetu?

Haya, nimesema. Rafiki yangu wa kompyuta amekubali kukaa nasi Jumamosi baada ya adhuhuri pale Vuga, chumba tutaambiana, aonyeshe namna ya kuiweka programu na kuijaribu data ikiwa imezimwa. Njooni na laptopu zenu, na chaji kamili, msije kugombania soketi moja. Na kila atakayekuja aje na neno moja la kwao ambalo anadhani mashine halijui. Mie langu nimeshawaambia.

Juma lijalo, Inshaallah, narudi kwenye bei ya chapati kantini. Hilo nalo lina maana yake.